Mwanangu, walishangilia pale pale ilipoharibika

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka tangu abadilishiwe dawa, ila chumvi bado anaiiba. Barua hii mdogo wako ndiye anayeichapa kwenye simu, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake na maneno ni yangu. Nimemkataza kuyapunguza makali.

Video ya ile harusi ya Dar uliyopiga theremini yako, lile sanduku la umeme linalolia bila kuguswa, tumeiona. Mama yako aliitazama mara moja, akalia, akatoka kwenda kuwaonyesha majirani. Mimi nilibaki nayo mpaka simu ikaisha chaji. Umesimama vizuri na nguo imekukaa. Wimbo ulianza pazuri, nikasema alhamdulillah. Kisha akainuka yule mama wa kitenge cha njano kuja kukutunza, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Yule mama hana kosa. Mtu akikunwa anacheza taratibu mpaka mbele na hela yake mkononi, ndiyo taarabu hiyo. Lakini mwimbaji akitunzwa, koo lake linabaki pale pale. Chombo chako kinamhesabu kila mwenye mwili anayekisogelea. Alipobakiza hatua mbili sauti ilianza kupanda. Alipoinua mkono kukubandika elfu kumi kwenye paji la uso, ikapanda zaidi, na ile sauti ndefu ya mwisho wa ubeti ikaenda zake kabisa. Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Na wewe, badala ya kuizima kwa mkono wa kushoto, ukatabasamu, ukauchezesha wa kulia makusudi ili ilie zaidi.

Nimeirudia sehemu hiyo mpaka mdogo wako akanisihi niache. Walishangilia pale pale ilipoharibika, mwanangu, na wewe ukawapa nyingine.

Usiseme baba hakielewi chombo. Maisha yangu yameishia kwenye meza ya redio. Ndani ya theremini kuna mitambo miwili inayotoa mawimbi ya kasi kubwa kuliko sikio linavyoweza kusikia. Mmoja haubadiliki. Wa pili umeungwa na ile antena iliyosimama, na mkono wako ukiikaribia, mwili unakuwa upande mmoja wa kapasita, yaani kile kifaa cha kuweka chaji ya umeme, mawimbi ya mtambo huo yanapungua kasi kidogo, na tofauti kati ya mitambo miwili ndiyo sauti inayotoka kwenye spika. Kila fundi wa redio za valvu anaujua mlio huo. Sisi ulitukera, tukawa tunautafutia dawa. Lev Termen, Mrusi, kule Petrograd mwaka 1920, akaugeuza muziki. Mwaka 1922 akaenda kumwonyesha Lenin. Ila wanaosimulia habari zake wanapenda kusema alikuwa mwanafizikia, basi wanaishia hapo. Alisomea pia selo. Sikio alikuwa nalo kabla ya sanduku.

Kwa hiyo sanduku naliweza. Nipe koili na transista, nalilehemu hapa hapa barazani. Kulipiga siliwezi, na sina hakika kama wewe unaliweza bado.

Usikasirike. Fidla haina vile vyuma vya gita vinavyoigawa shingo, lakini angalau ina shingo. Kidole kina pa kukaa na ngozi inajifunza mahali pake. Hapo kwako hakuna shingo wala uzi. Ukiwa karibu na antena sauti zimebanana, kidole kikitikisika tu umeshavuka nusu toni nzima. Ukirudi kuelekea begani zimetawanyika, mpaka uzifuate. Na ukishazizoea leo, kesho hewa ina unyevu mwingine, sanduku limepata joto, umesogea nyuma kiganja kimoja, na do yako imehama. Huwezi kukariri mahali. Inabidi uisikie sauti kichwani kabla haijalia, na ikilia pembeni uivute ndani upesi kabla msikilizaji hajajua. Hayo huyapati kwa kutuma video.

Jingine ni kwamba sauti haikatiki. Ukitoka do kwenda sol unapita kote katikati, na kila unakopita panasikika, isipokuwa mkono wa kushoto umeshuka kwenye ile antena ya mduara inayopunguza sauti ukaizima, ukanyanyuka tena ulipofika. Huo ndio upinde wako. Nimeutazama mkono wako wa kushoto mwanzo hadi mwisho wa wimbo: haufanyi kazi yoyote. Ndiyo maana kila kitu kinateleza, na watu wanadhani kuteleza ndiko kupiga theremini.

Na mtetemo! Kwa nini unautetemesha mkono bila kupumzika? Najua kwa nini. Sauti ikitetemeka, mtu hajui kama ni ya kweli au ya pembeni. Wapiga fidla wavivu walikuwa na ujanja huo huo, na babu yako aliwagonga vidole kwa mti wa upinde. Fanya hivi: weka kinanda kitoe sauti moja isiyokatika, nawe ipige hiyo hiyo, imenyooka, bila mtetemo. Ikiwa pembeni utasikia zinagombana, zinapigapiga. Ivute mpaka ugomvi uishe. Kila siku, kabla ya wimbo wowote. Mtetemo utauongeza baadaye, kwa kutaka.

Mdogo wako amenitafutia video za yule bibi Clara Rockmore, mpiga theremini maarufu. Aliingia chuo cha muziki cha St. Petersburg akiwa mtoto mdogo kabisa, kwa fidla. Mkono ukamsumbua, akaiacha fidla, na akiwa Marekani ndipo alipokutana na Termen na sanduku lake. Angeweza kulipokea lilivyo na watu wakashangaa vya kutosha. Yeye akadai lirekebishwe: oktavu ziongezwe kutoka tatu hadi tano, na mkono wa kushoto uitikiwe upesi zaidi ili aweze kukata sauti moja na nyingine. Akatunga namna yake ya vidole, kuvikunja na kuvikunjua hewani, ili asihangaike kurusha mkono mzima. Nimemwona akipiga wimbo wa Saint-Saëns, ule wa bata maji, dada yake Nadia Reisenberg yuko kwenye piano. Kichwa hakitikisiki. Uso umetulia. Kidole cha kati kinafunguka kidogo tu na sauti inakwenda mahali pake na kukaa. Baada ya muda nilisahau kwamba hashiki kitu.

Wewe watu hawasahau. Ndiyo wasiwasi wangu wote huo.

Mwaka 1929 kampuni ya RCA ilianza kuuza theremini kule Marekani, ikatangaza kwamba mtu yeyote anayeweza kupiga mluzi ataweza kuipiga. Zikatengenezwa kama 500 hivi. Uchumi ulianguka mwaka huo huo, lakini hata wale walionunua walifika nazo nyumbani wakakuta mluzi ni rahisi zaidi. Baadaye filamu zikaichukua kwa ajili ya mapepo na vyombo vya angani, na ikakwama huko miaka mingi. Kila ilipochukuliwa kwa maajabu yake, muziki ulibaki nje.

Sasa unakwenda Ujerumani. Dar walikushangilia kwa sababu hushiki kitu. Huko watakushangilia kwa sababu hushiki kitu na umetoka Tanga na umejifunga kilemba. Makofi yatakuja kabla hujainua mkono. Watakupiga picha. Watu wazuri kabisa, wenye nia njema, watakuambia ni ajabu, na kila atakayekuambia hivyo atakuwa amekurudisha nyuma kidogo kama hukujihadhari. Mwambie asante. Kisha mtafute mwalimu wako wa huko umuulize kitu kimoja tu: nilikuwa ndani ya sauti au nje? Akikuambia "watu wamefurahi," hujajibiwa, uliza tena. Nimesikia ana sifa ya ukali. Afadhali.

Mama yako anasema nikuandikie pia lililo zuri, la sivyo haitumwi. Basi. Dakika ya tatu, kabla ya yule wa kitenge, ulipoteremka taratibu mwishoni mwa ubeti wa pili, ulipita kwenye zile sauti za katikati ambazo kinanda hakina. Hukuteleza hapo. Ulisimama kwenye kila moja, ukaiacha, ukaenda nyingine. Babu yako alizitafuta hizo kwenye fidla na si kila usiku alizipata. Hapo hakuna aliyepiga kigelegele. Kuna kijana upande wa kushoto wa picha alikuwa anakula pilau. Tazama mkono wake. Umesimama na tonge. Nakutaka umpigie yule wa pilau.

Mimi siupigi vita umeme, usinielewe vibaya. Gita na besi za umeme zilipoishika taarabu ya hapa Tanga, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, babu yako aliapa kwamba ni mchezo wa msimu mmoja. Msimu ule haujaisha mpaka leo, na fidla ndizo zilizokosa wapigaji. Ya nyumbani kwetu unajua ilikaa juu ya kabati. Waliokuwa na mikono mirefu ya kuifikia hawakuitaka, na aliyeitaka alikuwa mfupi na aliambiwa akasaidie jikoni. Hayo yamepita. Lakini ukipata nyuzi huko, leta seti mbili, hizi zimeliwa na kutu, na mdogo wako ameanza kuichungulia. Nimeishusha. Iko juu ya meza ya redio sasa, yeyote anaifikia.

Kuhusu safari. Soketi za Ujerumani si kama zetu, utahitaji adapta. Usinunue zile za bei chee zisizopitisha ethi, ule waya wa ardhini, chombo chako bila ethi kitayumba na utajilaumu wewe kumbe ni waya. Ukifika, kiwashe mapema kabla ya kupiga, kipate joto kwanza ndipo ukitune. Nyumba za huko wakati wa baridi zina hita na hewa ni kavu, usitegemee mizani ya Tanga ambako hata kiberiti kinalala na unyevu. Na popote utakapopiga, ukitunzwa au usipotunzwa, chora mstari wa chaki sakafuni au weka kamba, mtu asikukaribie. Hapa kwetu mwombe mshereheshaji atangaze kwamba hela ziwekwe kwenye sinia pembeni. Watanuna siku ya kwanza, watazoea.

Sweta kama hujanunua, mama yako amepata mbili nzuri mnadani, nzito, moja ina kifungo kimoja pungufu. Atazipa basi la Jumamosi pamoja na pilipili ya kukaanga na nazi iliyokaushwa. Dagaa amekatazwa, usimuulize. Mpokee mzigo mwenyewe, usimtume mtu, mara ya mwisho nusu ya embe zilifika zimeonjwa.

Bati la uani limetoboka tena, fundi anataka pesa nyingi kuliko bati lenyewe. Mpangaji wa chumba cha mbele amelipa miezi miwili, wa nyuma bado anasimulia. Pesa uliyotuma tumelipia dawa na LUKU. Iliyobaki mama yako ameificha na hataki kuniambia wapi.

Ya Pangani siyarudii, unayajua. Nasema tu kwamba kule pia walikupigia makofi.

Ukituma video nyingine, tuma ya mazoezi, wewe na kile kinanda na sauti moja. Nitaisikiliza yote, hata ikiwa nusu saa. Mdogo wako anaguna hapa, ila ataiandika.

Kabla hujaondoka mpigie shangazi yako wa Makorora. Anasema sufuria yake kubwa uliyoazima Idi bado hajaiona, na mama yako anaapa ilisharudishwa. Wamalizane kabla hujapanda ndege, maana ukishaondoka kesi hiyo itabaki kwangu.

Wasalaam,
Baba yako