Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama, watunza hesabu wenzangu, assalaam alaykum, na salamu za amani kwenu nyote.

Mikutano minne ya robo mwaka tumefanya, wagonjwa tumewatazama, misiba miwili tumeshiriki. Hayo mnayajua.

Nije kwenye lile linalosemwa mabarazani, Ngamiani hadi Makorora: semina tuliyowafanyia watunza hazina wa matawi ya vyama vya siasa. Inasemwa mwenyekiti katia shilingi 640,000 zetu kwenye siasa. Si kweli. Sisi ni watunza hesabu, na kilichofundishwa pale ni hesabu. Vyama vyote vyenye ofisi hapa mjini vilialikwa, na sare wala bendera haikuingia ukumbini.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakitaka kila chama kitunze vitabu vya hesabu, kisha kimpelekee Msajili wa Vyama vya Siasa hesabu zilizokaguliwa za mwaka pamoja na orodha ya mali zake. Anayekagua ni CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 nayo inadai taarifa ya fedha za kampeni, zilizoingia na zilizotoka. Makao makuu yataandika nini, ikiwa tawi halina hata stakabadhi? Mzee mmoja alituletea kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na michango ya miaka miwili, imeandikwa kwa penseli nyuma ya vipande vya kalenda. Hakula hata thumni ya mtu. Hajapata kuonyeshwa tu. Nilikaa naye mimi mwenyewe hadi adhuhuri, akaondoka na daftari lenye safu ya mapato, ya matumizi na ya salio. Kazi ile naiona fahari.

Mnasema sikuitisha kwanza mkutano wa kuijadili semina. Niliitisha mara mbili! Akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, ni 40; mara ya kwanza walikuja 17, ya pili 22. Ningengoja mpaka lini?

Ada pia inaniumiza. Kati ya wanachama 84, waliolipa 30,000 ni 31 tu. Zimeingia 930,000, zimetoka 855,000 pamoja na za semina, na tunadai 1,590,000. Baadhi ya wanaolalamikia semina wamo kwenye deni hilo.

Mwakani, Mungu akijaalia, tufike Muheza na Pangani, na huenda tukapata ofisi yetu. Stakabadhi za semina, zote 19, anazo katibu hapo mezani. Kila mwanachama apite azikague kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti