Popo wa darini watambuliwe kabla ya mianya kuzibwa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kukarabati nyumba za mawe mtaa wa Mkomani, Lamu. Tajiri akinitaka niwafukize popo walio kwenye mianya ya boriti, humuuliza kwanza ni popo wa aina gani. Jawabu huwa lile lile: popo ni popo.

Sikubaliani. Ulaya kuna popo wawili wadogo, uzito wa kila mmoja kama gramu 5, ambao wataalamu waliwahesabu aina moja mpaka miaka ya 1990. Kilichowatenganisha ni sauti. Pipistrellus pipistrellus hulia kwenye kilohezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 45 hivi, Pipistrellus pygmaeus kwenye 55, na sikio la binadamu huishia karibu na 20! Kwa macho ni taabu kuwajua, ingawa yule wa kwanza aghalabu uso wake ni mweusi zaidi. Lakini maisha yao yanatofautiana: pygmaeus hupenda mno kuwinda wadudu kando ya mito na maziwa, mwenzake huwinda popote, hata mijini. Wote wawili, jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Uingereza, sheria ya 1981 inakataza kuharibu makazi yao, hata yakiwa darini kwa mtu.

Nawaomba wenye nyumba na wasimamizi wa mji wetu wa kale, kabla ya tundu kuzibwa aitwe mjuzi mwenye chombo cha kunasa sauti za popo. Popo wakiwa na watoto, kazi ingoje. Ngazi nitaleta mimi, bila malipo.

Fundi wa Mkomani,
Lamu