Vilele vya NMR vimenenepa? Anza na tyubu, si sumaku

Kwenye grafu ya NMR (kipimo cha molekuli kwa mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu), kilele cha protoni kikifika upana wa Hz 3 au 4, lawama huangukia sumaku. Mara nyingi sumaku haina kosa.

Mashine ya 400 MHz ina uga wa sumaku wa tesla 9.4. Ili upate kilele chenye upana wa Hz 0.4, uga huo usitofautiane ndani ya sampuli kwa zaidi ya sehemu moja hivi katika bilioni. Kazi hiyo ya mwisho hufanywa na shimu, yaani koili ndogo zinazoizunguka probu (kifaa kinachoshika tyubu na kupokea ishara yake), kila moja na mkondo wake. Z1, Z2, Z3 na kuendelea husawazisha juu na chini. X, Y, XZ, YZ na nyinginezo husawazisha pembeni.

Lakini shimu haziwezi kuokoa sampuli mbovu. Kwenye tyubu ya mm 5 weka mililita 0.6. Kimiminika kikiwa kifupi, mpaka wake na hewa husogelea koili ya kupokea na kuvuruga uga kiasi ambacho Z4 haikimalizi. Ukiwa na sampuli chache, weka katikati ya kimiminika, si kitako cha tyubu, kwenye alama ya katikati ya koili katika kipimo cha kina. Chuja chembe kwa pamba ya kioo, tupa tyubu iliyopinda, kisha subiri dakika 5 hadi 10 joto litulie. Kwa D₂O (maji mazito) usifupishe muda huo: ishara yake ya loku, yaani ishara ya deuteri (hidrojeni nzito) ambayo mashine huifuata ili uga usihame, huhama joto likibadilika.

Sasa pakia faili la shimu la probu yako; usirithi la aliyetangulia. Funga loku. Mstari wake ukiyumba, punguza nguvu ya loku, kwa sababu deuteri imeshiba na kiwango unachokisoma kinakudanganya. Endesha shimu ya gradienti (mashine ijisawazishe yenyewe), halafu malizia kwa mkono. Hapa wengi hukosea: husogeza Z2, huona loku imeshuka, huirudisha. Z2 ikiguswa, Z1 nayo hupotoka. Sogeza Z2 hatua moja, panga Z1 upya hadi kiwango cha loku kifike juu kabisa, ndipo ulinganishe na mwanzo.

Umbo la kilele litakuelekeza. Z1 na Z3 hutanua pande zote mbili sawa, Z3 ikionekana zaidi kwenye kitako. Z2 huweka bega upande mmoja. Z4 huacha mkia chini kabisa. Ukizungusha tyubu kwa Hz 20 na kuona vilele vidogo Hz 20 kila upande, simamisha mzunguko urekebishe X, Y, XZ na YZ. Vikiwa Hz 40, angalia XY na X²–Y².

Na kama kilele cha TMS (kiwanja cha rejea) ni chembamba ila vilele vyako tu ndivyo vinene, acha shimu kabisa. Hiyo ni kemia: ubadilishanaji wa protoni, au molekuli inayobadili umbo polepole.

Sisi mafundi tunapokuja kukagua mashine, tunatumia kloroformu 1% katika asetoni yenye deuteri, na kupima upana kwenye 50%, 0.55% na 0.11% ya urefu wa kilele. Kipimo hicho kikifeli hata kwa faili la awali, tunatafuta mkondo wa shimu uliogonga kikomo, uchafu ndani ya probu, au probu iliyorudishwa bila kufika mahali pake. Kabla ya ziara tutumie FID ghafi (ishara kabla haijageuzwa kuwa vilele) pamoja na orodha ya thamani za shimu. Picha ya skrini haitoshi.