Barua kwa rafiki aliyeko Njombe kuhusu kupandisha upishi katika mchezo wa Old School RuneScape

Uyole, Mbeya
14 Julai

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Uyole. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi ya mwezi huu inatulaza mapema. Najua wewe wa Njombe utacheka kumsikia mtu wa Mbeya akiilalamikia baridi. Ujumbe wako niliupata, nikaona ni afadhali nikujibu kwa barua kamili kuliko kukutumia vipande vipande usiku kucha.

Unaniuliza njia ya haraka ya kupandisha upishi katika Old School RuneScape, ule mchezo wa mtandaoni ambamo kila ujuzi hupandishwa daraja kwa alama za uzoefu, kwa sababu umefika daraja la 22 na tangu hapo unaona kama umekwama. Kwa jinsi ulivyoeleza, unanunua samaki wabichi aina ya trauti, unawapeleka kwenye jiko la kasri la Lumbridge, unapika, kisha unapanda hadi ghorofa ya juu kabisa iliko benki inayohifadhi mali yako, unaweka, unachukua wengine, unashuka tena. Ulilipenda jiko lile kwa sababu ulilipata baada ya kumsaidia mpishi wa kasri kwa yai, maziwa na unga, kazi iliyokupa alama 300 za uzoefu. Ni kweli kwamba jiko hilo hupunguza kuungua kwa vyakula vya madaraja ya chini. Lakini muda unaouokoa jikoni unaumaliza kwenye ngazi za kasri, tena unaumaliza wote na kuongeza mwingine.

Ili uone ninachosema, fikiria jinsi mchezo wenyewe unavyohesabu. Seva haitendi kwa sekunde zetu. Inakwenda kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6. Kumpika samaki mmoja huchukua mapigo 4, yaani sekunde 2.4, na hakuna simu, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuliharakisha hilo. Mkoba una nafasi 28, kwa hiyo mkoba mzima wa samaki huiva kwa sekunde 67 hivi. Hicho ndicho kipande cha kazi ambacho huwezi kukigusa. Unachoweza kukigusa ni umbali kati ya moto na benki, idadi ya samaki wanaoungua, na aina ya chakula unachokichagua. Samaki aliyeungua hakupi alama hata moja, na kwa daraja lako trauti wanaungua bado wengi, kwa hiyo usishangae kuona mstari wa uzoefu unasogea kwa kusuasua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhama Lumbridge. Kwa kuwa bado hujalipia uanachama, una njia mbili nzuri. Unaweza kwenda mji wa Al Kharid, ambako jiko haliko mbali na benki na hakuna ghorofa ya kupanda, au unaweza kununua magogo na kuwasha moto wako mwenyewe pale kwenye soko kuu la mji wa Varrock (Grand Exchange), karibu na wahudumu wa benki. Mimi napendelea soko kuu, kwa sababu mara nyingi utakuta wachezaji wengine wamekwisha kuwasha moto, na mchezo haukukatazi kupikia moto wa mwenzio. Baadhi ya vyakula huungua zaidi kidogo kwenye moto wa kuni kuliko kwenye jiko, lakini hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na safari za ngazi.

Ukishahama, endelea na trauti hadi daraja la 25 tu. Hapo samoni anafunguka, naye hutoa alama 90 badala ya 70 za trauti, kwa muda uleule wa kupika. Kutoka daraja la 25 hadi la 35 unahitaji samoni 162 walioiva bila kuungua. Nunua zaidi ya hapo, maana wengine watateketea, na hilo usiliwekee uchungu. Kazi hiyo haifiki hata jioni moja.

Daraja la 35 ndilo nililotaka kukufikisha, kwa sababu hapo unaruhusiwa kutengeneza divai, na divai inaweza kutengenezwa hata na asiyelipia. Unachukua majagi 14 ya maji na zabibu 14, unagonga zabibu, unagonga jagi, unachagua kutengeneza zote, basi. Huhitaji moto wala jiko. Unasimama mbele ya mhudumu wa benki na hutoki hapo. Kila divai hutumia mapigo 2 tu na hukupa alama 200, kwa hiyo mkoba mmoja ni alama 2,800 ndani ya sekunde 17 hivi. Hata kama vidole vyako ni vizito na kila mzunguko unakuchukua sekunde 30 pamoja na kufungua benki, bado unapata alama 336,000 kwa saa. Samoni, hata wasingeungua kabisa, ukiwahesabia sekunde 90 kwa mzunguko wasingefika 101,000 kwa saa.

Hapa kuna jambo litakalokutia wasiwasi usipoambiwa mapema. Ukimaliza mkoba wa kwanza utaona mstari wa uzoefu haujasogea hata kidogo, nawe utadhani mchezo umekuibia. Divai ya mchezo huchacha, na alama hutolewa inapochacha, sekunde 12 baada ya kutengeneza ile ya mwisho. Ukiendelea kutengeneza nyingine, hesabu ya sekunde 12 inaanza upya, na alama zote zinasubiri. Ukipumzika kidogo, zinaingia kwa mkupuo. Wala huhitaji kubaki na majagi mkononi, kwa maana huchacha hata yakiwa benki. Wewe uliyekulia Iringa hili si geni kwako: mgema wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, haketi chini ya mwanzi akikikodolea macho chombo cha kukingia utomvu, anaendelea na shughuli zake, na utomvu unachacha wenyewe. Divai nyingine zitaharibika na hazitakupa kitu, lakini zinapungua kadiri unavyopanda, na kuanzia daraja la 68 hakuna inayoharibika tena. Kutoka 35 hadi 68 unahitaji divai 2,914 zilizofaulu, ambazo kwa mtu mvumilivu ni kazi ya jioni chache.

Ningeweza kuishia hapo na kukuambia utengeneze divai tu hadi mwisho, kama wengi wanavyoshauri. Lakini wewe unachezea simu, nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya shule, na nakuona kabisa ukimhudumia mteja wa daftari huku jicho moja liko kwenye kioo. Divai inataka vidole vyako kila baada ya sekunde 17. Mteja akikuuliza bei ya kalamu, mzunguko umekatika, na ukikatika mara tatu kwa dakika ile faida yote ya divai inayeyuka. Samaki wanakuacha kwa zaidi ya dakika nzima. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mchana ukiwa dukani pika samaki, na usiku ukishafunga, ukiwa umetulia na bando lipo, tengeneza divai. Watakaokuambia kwamba kupika samaki baada ya daraja la 35 ni kupoteza muda wanahesabu kana kwamba kila mchezaji amekaa mbele ya kompyuta bila mtu wa kumwita.

Kwa hao samaki wa mchana, ukifika daraja la 40 unaweza kupika kambakoche wa alama 120, ila huacha kuungua daraja la 74. Samoni huacha kuungua daraja la 58. Kati ya 40 na 58 mimi ningebaki na samoni, kwa kuwa ni wa bei nafuu na hata akiungua humlilii.

Uanachama usiulipie kwa ajili ya upishi peke yake. Siku ukiulipia kwa sababu nyingine, basi nenda Burthorpe, ushuke kwenye pango la wezi lililo chini ya nyumba ya wageni. Mle kuna moto usiozimika na mhudumu wa benki amesimama kando yake, na sidhani kama kwa mpishi wa samaki kuna mahali panapofaa zaidi. Zipo pia glavu za upishi zinazopatikana kwa kumaliza kazi ya mchezo iitwayo Family Crest, yaani nembo ya familia, ambazo hushusha daraja la kutoungua la kambakoche kutoka 74 hadi 64, lakini kazi hiyo inadai uchawi wa daraja la 59, na wewe hujafika huko. Kwa divai hazikusaidii chochote.

Upande wa sarafu, uwe tayari kupoteza. Divai kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko zabibu na jagi lake, kwa hiyo alama zile unazinunua. Kabla ya kuagiza zabibu angalia bei ya siku hiyo sokoni, na uagize mapema, kwa kuwa soko kuu lina kikomo cha kiasi unachoweza kununua kila baada ya saa 4, tena wewe usiyelipia una nafasi 3 tu za kuagizia. Weka oda ya zabibu kwa bei ya chini kidogo asubuhi kabla hujafungua duka. Jioni utaikuta imejaa au imekaribia. Ni jambo dogo, lakini linakuokolea sarafu nyingi kuliko hila yoyote ya vidole.

Kuhusu daraja la 99 unalolitamani, lijue kabla hujalianza. Linahitaji alama 13,034,431, na nusu ya alama hizo unaifikia daraja la 92, si la 50 kama wengi wanavyodhani. Kutoka 68 hadi 99 pekee ni divai 62,147. Kama unalitaka lile joho la wapishi, ambalo ukilivaa huunguzi chakula chochote, endelea. Kama unataka tu chakula cha kwendea vitani, daraja la 74 au 80 linakutosha kabisa, nami ningekushauri usimame hapo.

Jambo moja la mwisho, nalo nalisema kwa ukali kidogo. Huyo kijana unayesema anakutoza pesa ili akupandishie akaunti, au akuwekee programu ya kukuchezea yenyewe, mkatae. Yote mawili yamekatazwa na Jagex, wenye mchezo, na akaunti ikifungiwa huna wa kumlilia. Naye atakuwa amekwisha kula pesa yako.

Nitumie idadi ya sarafu ulizonazo na bei ya zabibu uliyoiona leo, nikupigie hesabu utafika daraja gani kabla hazijakuishia. Wasalimie nyumbani, hasa mama, na umwambie viazi vyake vilifika salama.

Ni mimi rafiki yako,
wa Uyole