Waliotukaangia Uhuru Park nao waandikwe

Mhariri,

Tangu Uhuru Park, bustani ya umma hapa Nairobi, ifungwe mwaka wa 2021 ili ikarabatiwe, tumesoma mengi kuhusu vijia vyake, ua wake, bwawa lake na fedha zilizotumika. Kuhusu watu waliokuwa wakituuzia chakula mle ndani, sijaona wakiandikwa kwa uzito unaostahili. Mimi hukaanga krispi za viazi na kusambaza katika maduka ya Eastlands, na jambo hili linanikera sana. Naomba nafasi nilieleze kwa kisa cha mkahawa mdogo uliotoweka huko Marekani.

Disneyland, bustani ya burudani, ilifunguliwa Anaheim, California, mnamo Julai 17, 1955. Agosti mwaka huo huo, kampuni ya Frito ilifungua humo mahali pa kula palipoitwa Casa de Fritos, katika sehemu ya bustani iliyopambwa ifanane na Marekani ya magharibi ya zamani. Palikuwa na mashine ya kuuzia Fritos, vile vitafunio vya mahindi vya kukaanga. Mtoto alitumbukiza sarafu ya senti tano, sanamu ya kijana ikalamba midomo na kuzungumza, kisha pakiti ikateleza hadi mkononi mwake. Mwaka wa 1957 mkahawa ulihamishiwa mahali pakubwa zaidi kwa sababu wateja walikuwa wamejaa.

Casa de Fritos ilinunua tortila, ambazo ni kama chapati nyembamba za unga wa mahindi, kutoka kwa kampuni ya huko huko California iliyoitwa Alex Foods. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema kwamba mfanyakazi wa mauzo wa Alex Foods alifika siku moja akakuta tortila zilizolala zimetupwa kwenye pipa. Akamshauri mpishi asizitupe, azikate vipande na kuvikaanga. Vipande vikakaangwa, vikauzwa, wateja wakavipenda.

Aliyezoea kusimama mbele ya karai la mafuta ataelewa mara moja kwa nini ushauri ule ulikuwa wa mtu anayeijua kazi. Tortila iliyolala imepoteza maji. Ikiingia kwenye mafuta yaliyochemka haifuri ovyo, hukauka haraka, na hainyonyi mafuta mengi kama ile mbichi. Viazi navyo ni vivyo hivyo. Ukivitia vikiwa bado vinachuruzika maji ya kuoshea, mafuta hupoa, krispi hulegea, na mteja hatarudi tena. Ndiyo maana sisi huvitandaza kwanza kwenye kitambaa safi hata kama oda ni ya haraka. Maarifa ya namna hii hayaanzii kwenye meza ya mkurugenzi.

Baada ya Frito kuungana na kampuni ya Lay mwaka wa 1961 na kuwa Frito-Lay, mkuu mmoja wa masoko wa Frito-Lay, Arch West, aliona jinsi vipande vile vinavyouzwa. Mwaka wa 1964 akafanya mapatano na Alex Foods wavitengeneze, na kufikia 1966 vilikuwa vinauzwa Marekani nzima kwa jina la Doritos. West alifariki mwaka wa 2011 akiwa na umri wa miaka 97, na jamaa zake wakanyunyiza Doritos kaburini mwake. Sina neno dhidi yake, kwa maana kuona thamani ya kitu ambacho wengine wanakipita ni kazi pia. Lakini yule aliyesimama kando ya pipa na kusema msitupe, masimulizi humtaja kwa cheo chake tu. Mpishi aliyewasha jiko naye hana jina. Wapo wanaosimulia vingine, kwamba West alionja vipande hivyo kwenye kibanda karibu na San Diego akiwa likizoni na familia yake. Hata katika simulizi hiyo, mwenye kibanda hana jina.

Mlinganishe yule mfanyakazi wa mauzo na Gustavo Olguin, Mmeksiko aliyekuwa akitengeneza Fritos zenyewe San Antonio, Texas, kabla kampuni haijakuwapo. Mwaka wa 1932 alimuuzia Charles Elmer Doolin, mwanzilishi wa Frito, namna yake ya kuzipika kwa dola 100. Mimi naamini jina lake limetufikia kwa sababu palikuwa na mauziano, na pesa ikibadilisha mikono mtu huandika. Aliyetoa ushauri wa bure hakuandikwa.

Casa de Fritos ilibadilishwa jina mwaka wa 1982 ikawa Casa Mexicana, na tangu 2001 hapo pana mkahawa mwingine kabisa. Hata hivyo, wapenzi wa bustani ile walitunza picha, orodha za vyakula na kumbukumbu za ile mashine, na ndiyo sababu mkaanga viazi wa Nairobi anaweza kukusimulia leo.

Sasa turudi kwetu. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai aliitetea dhidi ya jengo la ghorofa 60. Mwai Kibaki aliapishwa pale Desemba 30, 2002, na Katiba mpya ikazinduliwa pale Agosti 27, 2010. Haya yote yameandikwa, na ni haki. Ila umati ule ulikula. Kulikuwa na mahindi choma, mayai ya kuchemsha, njugu karanga kwenye karatasi, aiskrimu kwa watoto waliotoka kupanda mashua. Kulikuwa na akina mama waliojua ni wapi kivuli kitaangukia saa tisa, wakaweka beseni zao hapo mapema.

Na kuna smoki pasua, ile soseji ya kupasuliwa. Leo imeenea kila kituo cha matatu, wala hakuna anayeshangaa kuiona. Lakini kuna mtu aliyekuwa wa kwanza kuchukua smoki ya moto, kuipasua katikati kwa kisu, akajaza kachumbari na pilipili na kumkabidhi mteja mkononi. Mtu huyo ana jina. Huenda bado anasukuma mkokoteni wake, na huenda anamsomesha mtoto kwa kazi hiyo hiyo. Tukingoja hadi tumhitaji, tutabaki kusema "mchuuzi mmoja", kama Wamarekani wanavyosema "mfanyakazi wa mauzo".

Mchuuzi hawezi kujihifadhia kumbukumbu peke yake. Anayehamahama na mali yake yote kichwani hana pa kuweka daftari la mwaka jana. Kwa hivyo naiomba kaunti, pamoja na Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, wawatafute waliouza Uhuru Park kabla ya 2021 na kurekodi sauti zao: walianza lini, walinunua wapi, bei ilikuwa ngapi, nani aliwafundisha. Wazee wengi wamekwisha kurudi mashambani, na kazi hii haiwezi kusubiri bajeti nyingine.

Wapigapicha wa Uhuru Park pia watafutwe. Walipiga familia nyingi sana za mji huu kando ya bwawa, na nyuma ya familia hizo vibanda vinaonekana, pengine hata bei iliyoandikwa kwa chaki.

Nawe Mhariri, ungeweza kuanza hata kabla ya serikali. Tenga safu ndogo kila wiki, wasomaji walete picha za zamani na majina ya wauzaji wanaowakumbuka, kwa idhini ya wenyewe au ya jamaa zao. Ninazo chache za familia yetu, moja ikionyesha vizuri meza ya maandazi na mama aliyekuwa akiyauza, na niko tayari kuzileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia.

Msomaji wenu,
Kariobangi Kusini, Nairobi