Mnada wa hisani usigeuzwe kuwa harambee ya ahadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu hafla ya usiku ambayo chama kimoja cha wahitimu wa chuo cha kijeshi kiliiandaa hapa Tabora ili kuwachangia watoto wa wanajeshi waliofariki wakiwa kazini. Chama hicho sitakitaja, kwa kuwa nia yake ni njema, na kwa kuwa kasoro ninayotaka kuizungumzia nimeiona pia katika hafla za shule, za vyama vya ushirika na hata za nyumba za ibada, ambako kwa miaka mingi nimekabidhiwa kazi ya uhazini. Hoja yangu ni moja. Mnada wa hisani ukiendeshwa kama mnada huleta fedha usiku ule ule, lakini sisi tumechukua jina la mnada tukaliendesha jambo lenyewe kama harambee, na matokeo yake ni mamilioni yanayoshangiliwa ukumbini na yasiyofika kwa watoto waliotajwa kwenye kadi ya mwaliko.

Yako mambo yaliyokwenda vizuri, na zuri kuliko yote lilikuwa hotuba ya mzungumzaji mwalikwa, ofisa mstaafu aliyejua kwamba yuko Tabora na si mahali pengine. Alitukumbusha kwamba maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, yaliyoanza kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20 Januari 1964, yalifika siku iliyofuata kwa kikosi cha pili kilichokuwa hapa kwetu, katika kambi ya Kalewa. Askari walidai mishahara zaidi na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Maofisa Waafrika walikuwa wachache na walikuwa wamefunzwa ng'ambo. Mmoja wao, Mrisho Sarakikya, aliyesomea chuo cha kijeshi cha Sandhurst nchini Uingereza, alikuwa katika kikosi hicho cha Tabora, na mwaka huo huo ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kwa maelezo ya mzee huyo, nchi iliyoonja hatari ya kuwa na jeshi lisilo na maofisa wake yenyewe haikuwa na budi kujenga chuo chake, na ndiyo maana leo vijana wetu hupata kamisheni ya uofisa Monduli badala ya kupanda ndege. Vijana wengi waliokuwa ukumbini, wengine wamezaliwa mjini hapa, walikuwa wanalisikia jina la Kalewa kwa mara ya kwanza.

Kisha akaitaja Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa iliyokuwa Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Tanzania habari hizo si za nchi ya mbali, kwa sababu ukisimama Kigoma siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Alisema maneno machache sana juu ya jambo hilo, akakaa. Angeweza kusema zaidi, lakini muda wake ulikuwa umeliwa na mgeni rasmi aliyechelewa pamoja na itifaki ya kutambulisha meza moja baada ya nyingine, desturi ambayo ninaamini tungeweza kuiacha bila mtu yeyote kupata madhara.

Baada ya hotuba hiyo ndipo mnada ulipoanza. Vitu vilivyoletwa vilikuwa vizuri na vingi vilitoka hapa hapa: kiti cha mninga kilichochongwa na fundi wa mjini, madebe ya asali ya miombo, picha za zamani zilizowekwa fremu, ngao iliyonakshiwa. Aliyeendesha alikuwa mshereheshaji, mtu hodari wa kuchekesha lakini asiye mnadishaji. Badala ya kutaja kitu na bei ya kuanzia, alitaja watu na vyeo vyao. "Meza ya benki mnakubali kushindwa na meza ya halmashauri?" Kila aliyetajwa alisimama, akataja kiasi, akapigiwa makofi, na akachukua kitu chake akarudi nacho mezani. Hakuna aliyelipa pale wala aliyetia saini mahali popote. Mwishoni jumla ikasomwa, bendi ikapiga, na wajane waliokuwa wamekalishwa mstari wa mbele wakaombwa wasimame ili tuwaone.

Miezi imepita tangu usiku ule. Nilipokutana na mmoja wa wajane hao, nilimuuliza kwa kudhani kwamba mambo yamekwisha, naye akanieleza kwamba chama kimetoa kiasi kidogo na kuwaomba wawe na subira kwa sababu "wengi bado hawajatimiza ahadi". Mjumbe mmoja wa kamati alinithibitishia habari hiyo bila kuficha. Viti na picha viko majumbani mwa watu, fedha zake haziko popote.

Ndugu Mhariri, katika harambee ahadi ina nafasi yake halali. Mtu anasimama, anasema atatoa kiasi fulani mshahara ukitoka, na kamati inaandika, kwa kuwa hajapokea kitu chochote. Mnada ni biashara, hata kama faida yake ni ya yatima. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza na ambayo bado inatumika nchini, inasema mauzo ya mnadani hukamilika pale mnadishaji anapotangaza hivyo kwa kugonga nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka, na kwamba kabla ya hapo aliyetaja bei anaweza kujitoa. Maana yake ni kwamba baada ya nyundo hakuna tena ahadi ya kutimizwa kwa hiari, bali kuna bei inayodaiwa. Nenda kwenye mnada wowote wa mifugo katika mkoa huu uone kama kuna mtu atakayeruhusiwa kuswaga fahali hadi nyumbani kwake kwa sababu tu amesema atalipa. Ajabu ni kwamba hafla hii ilikuwa ya watu ambao chuoni kwao hakuna aliyepokea hata blanketi kutoka stoo bila kutia saini.

Kuna wanaosema kwamba kudai fedha papo hapo kungewaaibisha waalikwa na kuwafanya wasije tena. Hoja hiyo ninaiheshimu, maana hafla bila wageni haina fedha za kukusanya. Hata hivyo waalikwa wote walikuwa na simu, na wengi walilipia kadi zao kwa simu hizo hizo. Kinachotakiwa ni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, isiwe namba binafsi ya mweka hazina, iandikwe kwenye kadi ya mwaliko na ibandikwe ukumbini, ili aliyeshinda alipe na aonyeshe ujumbe wa malipo kwa karani anayekabidhi vitu. Asiye na salio la kutosha atoe sehemu na amalizie ndani ya juma moja, kitu kikiwa kimebaki mikononi mwa kamati. Juma likipita bila malipo, kitu kipelekwe kwa aliyekuwa wa pili kwa bei. Sioni aibu iko wapi. Aibu ninayoiona mimi ni ya mtu mzima kukaa mwaka mzima juu ya kiti cha yatima.

Jambo la vyeo nalo linastahili kutazamwa, kwa sababu ndilo linalozaa bei zisizolipika. Mshereheshaji anapomtaja mkuu wa idara mbele ya watumishi wake, mkuu huyo hatataja kiasi alichonacho, atataja kiasi kinacholingana na cheo chake, na kesho asubuhi ataanza kujuta. Papo hapo watumishi walioko chini yake, ambao huenda walikitaka kitu kile na wana fedha mfukoni, hawatathubutu kumpita bosi. Kwa hiyo chama kinapoteza mara mbili. Ziko hafla ambazo kila kitu huwekwa mezani pamoja na karatasi, na mtu huandika bei na namba ya kadi yake badala ya jina. Watu hupita wakati wa chakula, husoma, huongeza, na saa iliyopangwa karatasi hukusanywa. Kelele zinapungua, nakiri, na mshereheshaji atakosa la kufanya kwa muda, lakini bei zinazoandikwa kwa namna hiyo huwa ni za watu wanaokusudia kulipa.

Nimesikia pia kwamba katika minada ya aina hii baadhi ya wajumbe wa kamati hupandisha bei kwa makusudi ili wageni waongeze, nao hukiita kitendo hicho "kuchangamsha". Wajue kwamba sheria niliyoitaja hairuhusu muuzaji kutaja bei mwenyewe au kumweka mtu wa kumtajia bei kwa siri, isipokuwa kama ilitangazwa mapema kwamba amejiwekea haki hiyo. Nia njema haibadilishi jambo hilo.

Kuhusu vitu vinavyonadiwa, neno fupi tu. Mhitimu mmoja mkongwe alikuwa ameleta koti la kombati na kofia yake ya zamani, na mshereheshaji alikwisha kuvinyanyua juu kabla ofisa mmoja hajamnong'oneza aviweke chini. Alifanya vyema. Mwezi Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi waliyokuwa nayo, na haifai hafla ya wahitimu wa chuo cha kijeshi iwe ndiyo mahali pa kuyauza upya. Kumbukumbu za namna hiyo zikabidhiwe jeshini au makumbusho kwa utaratibu unaokubalika.

Yule fundi aliyechonga kiti asisahaulike. Tuseme kiti ambacho angekiuza kwa laki mbili kimefika milioni moja. Hisani ya mnunuzi ni ile laki nane inayozidi. Laki mbili za kwanza ni jasho la fundi, na kama amezitoa sadaka basi naye ni mchangiaji na jina lake lisomwe pamoja na ya wakubwa. Usiku ule halikusomwa, na fundi mwenyewe hakualikwa.

Wapo watakaouliza kwa nini watoto hao wachangiwe wakati elimu haina ada, kuanzia msingi hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Ada imeondoka, ni kweli, na ni nafuu kubwa. Lakini mtoto wa Kibondo aliyepangiwa shule ya bweni Tabora bado anahitaji nauli, godoro, sanduku, sare na madaftari, na mama yake hupewa orodha ya vitu hivyo wiki chache tu kabla ya kuripoti. Fedha zinazokuja "wengine wakitimiza ahadi" haziwezi kumsaidia mtu mwenye tarehe ya kuripoti.

Naiomba kamati iliyoandaa hafla ile, na kamati nyingine zinazojiandaa kufanya kama hiyo, zisichapishe kadi mpya kabla ya kutoa orodha ya mnada uliopita ikionyesha kila kitu, bei yake, kiasi kilicholipwa na kinachodaiwa. Majina si lazima yaandikwe; namba za meza zinatosha, wenyewe watajijua. Orodha hiyo isomwe na mkaguzi wa hesabu wa chama mwanzoni mwa hafla, kabla ya utambulisho, wakati watu wangali wanasikiliza. Na kwa wale ambao bado wana vitu vya usiku ule bila kuvilipia, kidato cha tano huripoti Julai, na akaunti ya chama haijafungwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora.