Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uwanja Mpana si Pori

Ndugu wanachama,

Wanyama wa bustani ya safari hudanganya macho. Mgeni aliye ndani ya gari huona pundamilia wakitembea na twiga wakichungulia juu ya miti, akaamini kuwa wanajitunza wenyewe. Hatari huanza mtunzaji naye anapoamini hivyo. Uwanja uwe mkubwa namna gani, una uzio, na mnyama aliyezungushiwa uzio hawezi kuhama malisho yakichakaa, hawezi kuwakimbia minyoo, wala hawezi kwenda kutafuta chumvi au jani analolihitaji. Tusipomletea, anakosa. Kwa hiyo taarifa yangu ya mwaka huu itakaa horini zaidi kuliko langoni.

Naanza na twiga, kwa kuwa kwa maoni yangu ndiye tunayemlisha vibaya kuliko wote. Tumbo lake limeumbwa kwa majani ya miti. Ukimpa nyasi kavu huziacha. Ukimwongezea nafaka na pumba ili kufidia, wanga huchachuka tumboni, tindikali hupanda, na baada ya muda kwato huharibika. Msingi wa chakula chake uwe alfalfa kavu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) ambayo majani bado yameshika kwenye vijiti, pamoja na matawi mabichi kila siku. Chakula cha kusindikwa kiwe na nyuzi nyingi na wanga kidogo, nacho kigawanywe mara kadhaa kwa siku badala ya kumwagwa chote asubuhi. Hori liwekwe juu, usawa wa kichwa chake. Twiga anayeinama kung'oa nyasi fupi huokota mabuu ya minyoo wanaofyonza damu, ambao porini hukutana nao kwa nadra kwa sababu hula juu. Na ukimwona analamba nguzo au ukuta kwa muda mrefu, jua ulimi wake umekosa kazi. Ongeza matawi kwanza.

Wenzetu wa nchi za baridi wanapoteza twiga kwa namna ambayo huelezwa vibaya. Mnyama hufa ghafla usiku mmoja wa baridi, na lawama zote huenda kwenye hali ya hewa. Akipasuliwa, mafuta yanayozunguka moyo na figo hukutwa yamegeuka ute kama maji mazito. Hiyo ni dalili ya njaa ya muda mrefu: alikuwa hapati nguvu ya kutosha tangu miezi ya nyuma, na baridi ilimmalizia tu. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, apate banda lenye joto la nyuzi 18 hivi, na chakula kiongezwe kabla ya msimu kuanza. Sakafu isiteleze. Twiga aliyetanuka miguu kwenye barafu au tope ni vigumu mno kumnyanyua, na kumlaza kwa dawa ya usingizi ni hatari kwa sababu ya shinikizo kubwa la damu yake na chakula kinachoweza kurudi kooni. Ndiyo maana tunasisitiza azoeshwe mapema kusimama kwenye kibano (kizimba chembamba cha kumshikilia mnyama) na kutoa mguu, ili kwato zikatwe akiwa macho.

Kwa vifaru, kosa moja huleta madhara mawili tofauti. Kifaru mweusi mwenye mdomo uliochongoka hula majani na vijiti. Mweupe mwenye mdomo mpana hula nyasi. Bado kuna mabanda ambamo wote wawili humwagiwa alfalfa na chakula kilekile cha kusindikwa. Mweusi hujaza madini ya chuma mwilini mpaka ini likaathirika, kwa kuwa matawi ya porini yana uchungu unaoyazuia madini hayo, na chakula chetu hakina. Kwa mweupe, tatizo liko kwenye uzazi. Utafiti wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, ulionyesha kuwa soya na alfalfa zina viambata vinavyofanana na homoni za kike, na majike waliozaliwa na mama waliolishwa sana vyakula hivyo huzaa kidogo. Mpeni mweupe nyasi za kawaida, na chakula cha nyongeza kisicho na soya wala alfalfa. Msitarajie jibu la haraka: mimba yake ni ya miezi 16.

Simba wanaolishwa mnofu mtupu hukosa kalsiamu, kwani fosforasi iliyomo kwenye nyama huizidi kalsiamu kwa mbali. Watoto wao huota mifupa laini inayopinda. Wakikosa pia vitamini A, mfupa wa fuvu hunenepa na kubana ubongo. Mtoto huinamisha kichwa upande mmoja na kuyumba. Mzoga mzima wenye mifupa, ngozi na ini kiasi humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Ini la kila siku nalo lina sumu yake, kwa hiyo lipimwe.

Tembo kwa kifupi: miguu. Saruji huwapasulia nyayo na kuwaletea majipu. Sakafu iwe ya mchanga wa kina, wenye kilima kidogo cha kuegemea wanapolala.

Kuhusu minyoo, tumezoea kutoa dawa kwa kalenda na kukisia uzito kwa macho. Kipimo kidogo huua minyoo dhaifu na kuacha sugu wazaliane. Hesabuni mayai kwenye kinyesi kwanza, pimeni uzito kwenye mizani iliyowekwa njia ya banda, kisha tibuni mwenye minyoo wengi. Kinyesi kiondolewe walau mara mbili kwa wiki, kwa sababu penye joto na unyevu mabuu huwa tayari kuambukiza ndani ya wiki moja hivi.

Pia angalieni majirani. Nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru yeye lakini huua ng'ombe na kulungu, na ndama wake hukitoa zaidi katika miezi ya kwanza ya maisha. Msiwaweke nyumbu jirani na wanyama hao wakati nyumbu wanapozaa. Dume mgeni la pundamilia huweza kuua watoto aliowakuta. Litambulishwe kwanza kupitia uzio, majike wenye vichanga wakiwa kando.

Uzio wa umeme upimwe kila asubuhi, mahali palipo mbali kabisa na mashine inayoutia umeme. Usomaji ukishuka chini ya volti 6000, tafuteni majani yanayogusa waya kabla ya kulaumu mashine. Kwenye udongo mkavu mshtuko hudhoofika hata waya ukiwa mzima, hivyo nyaya zipangwe kwa kupokezana bila kugusana, mmoja wa umeme, unaofuata wa ardhi.

Mwisho ni nasaba, ambayo wengine huiona kazi ya karani tu. Choroa wa Sahara, mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu zilizopinda, alitangazwa kuwa ametoweka porini mwaka 2000. Mwaka 2016 makundi yaliyofugwa yalianza kurudishwa Chad, na mwaka 2023 hadhi yake ikabadilishwa kuwa mnyama aliye hatarini. Hilo liliwezekana kwa sababu walikuwepo wanyama wa kurudisha, na palikuwa na watu walioandika nani kazaliwa na nani.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano upitishe fomu moja ya mnyama anayehamishwa: wazazi wake, uzito wake wa miezi 12 iliyopita, chakula chake kwa kilo, dawa na tarehe zake, na tabia zake akiwa na wenzake. Ijazwe kabla ya safari, na nakala imtangulie mnyama. Kreti, yaani sanduku la kumsafirishia, nalo lifikishwe wiki kadhaa mapema, milango yote miwili ikiwa wazi, alishwe humo kila siku mpaka aingie bila kusukumwa.